Maji ya mfereji, ramani ya mtaa

Hotuba niliyoitoa kwenye mahafali ya chuo kimoja cha TEHAMA, Dar es Salaam. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, na nimerudishia sehemu mbili tatu nilizoziruka siku ile kwa sababu ya muda.

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi na walezi mliotoka mbali, wahitimu: itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hongereni sana.

Nimeombwa nizungumzie biashara ya teknolojia. Nilianzaje, mtaji niliupata wapi, na nyinyi mshike njia gani. Basi niseme ukweli mapema. Mtaji wangu wa kwanza sikuupata benki wala kwa mwekezaji. Niliukuta umeshatengenezwa na watu nisiowajua, bure, na kwa miaka miwili niliutumia bila kurudisha hata chembe. Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza leo, na ili nilieleze vizuri lazima nianzie kwetu, milimani Upareni.

Bibi yangu alikuwa akilima mahindi na maharage kwenye mteremko, wilaya ya Same, na shamba lake lilikuwa linanyweshwa kwa mfereji. Mliozaliwa mjini huenda hamjawahi kuona ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, linalojengwa pale mkondo unaposhuka kutoka mlimani. Usiku maji yanajaa, asubuhi yanafunguliwa, yanateremka na mfereji mpaka mashambani, kila nyumba kwa zamu yake. Wazee wetu walianza kujenga ndiva kabla Mjerumani hajafika, na nyingine zinatumika hadi leo. Lakini ndiva haijitunzi yenyewe. Tope linajaa, fuko wanatoboa ukingo, mizizi inapasua mawe. Ukiiacha misimu miwili, umeipoteza.

Ndiyo maana kuna msaragambo. Jioni baragumu linapigwa, na kila anayelisikia anajua kwamba kesho hakuna kwenda shambani kwako. Asubuhi kila nyumba inatoa mtu na jembe. Mzee anayesimamia maji anapima mfereji kwa fito: kipande hiki cha nyumba hii, kipande kile cha nyumba ile. Nilikuwa na miaka kumi nilipopewa kipande changu cha kwanza, kifupi, kama urefu wa kitanda, na bado nakumbuka jinsi tope lile la baridi lilivyokuwa linaingia katikati ya vidole vya miguu. Asiyefika alitozwa faini. Akikaidi, zamu yake ya maji inarukwa, na mahindi yake yanakauka huku ya jirani yakiwa mabichi. Kila mpita njia anaona.

Kijijini pale palikuwa na mwenye duka. Shamba lake lilikuwa kubwa kuliko yote, chini kabisa mfereji unakoishia, kwa hiyo alitumia maji mengi kuliko mtu yeyote. Mwaka mmoja alituma vibarua wawili wamfanyie kipande chake, yeye akabaki dukani. Wazee waliwapokea vibarua, wakawapa kazi. Kisha wakamtumia ujumbe: na wewe njoo, hata ukae juu ya jiwe, uone ufa uko wapi. Alikuja na koti lake, amenuna. Akakaa juu ya jiwe. Ilipofika saa nne koti liko kwenye tawi, na yeye yuko ndani ya ndiva na jembe la mtu, anabishana na wazee kuhusu jiwe gani litolewe.

Sasa tushuke huku kwetu Dar es Salaam, kata ya Tandale.

Kabla ya 2011, ukifungua ramani yoyote ya kwenye intaneti ukatafuta Tandale, ulikuwa unaona barabara kubwa pembeni, na katikati peupe. Makumi ya maelfu ya watu wanaishi pale, wanapika, wanasali, wanauza mchele sokoni, na ramani ilikuwa inaonyesha kama uwanja mtupu. Kibera ya Nairobi ilikuwa hivyohivyo mpaka 2009, vijana wa palepale walipoanza kuichora wenyewe. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale wakaizunguka kata yao wakiwa na vifaa vya GPS mkononi, wakiandika: hapa kisima, hapa choo cha kulipia, hapa zahanati, hapa kichochoro kinachopitika na mkokoteni.

Desemba ya mwaka huohuo, chini ya wiki mbili baada ya taifa kutimiza miaka 50 ya uhuru, mvua ilinyesha Dar es Salaam kwa kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Familia za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Wengi wenu mlikuwa watoto, lakini wazazi waliopo hapa wanaikumbuka harufu ya mji ule baada ya maji kupungua.

Kisha mwaka 2015 ikaja kazi iliyoitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiungwa mkono na Tume ya Sayansi na Teknolojia, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu na wengineo, waliingia mitaa inayozama, wakaichora nyumba kwa nyumba na mtaro kwa mtaro. Mtaro upana gani, kina gani, umejengwa kwa zege au ni wa udongo, umeziba au unapitisha. Yote waliyaweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora, kuisahihisha na kuitumia, hata kwa biashara.

Niliwahi kuwafuata siku moja, kwa sababu ya udadisi tu. Mwanafunzi ana simu janja, amevaa mabuti ya plastiki. Mbele yake yuko mama mmoja, mjumbe wa shina, amejifunga kanga kiunoni na ameshika daftari la kaunta. Mwanafunzi anauliza shina lake linaishia wapi. Mama hatazami simu. Anasema, hapa kwenye mnazi, halafu kwa fundi cherehani, halafu unafuata ukuta mpaka kwenye bomba lililovunjika. Mwanafunzi anauliza: mama, mwaka ule maji yalifika wapi? Mama anaweka kiganja kwenye paja lake, juu kidogo ya goti. Hapa. Kisha anamwonyesha ukutani: msitari wa tope, umekolea, haujafutika kwa chokaa wala kwa rangi. Kijana akapima kutoka chini mpaka kwenye msitari, akaandika.

Kipimo kile kikaingia kwenye ramani. Siku ile sikujua kwamba nitakuja kula kupitia kiganja cha mama yule.

Maana baadaye nilianzisha kampuni. Tunapeleka mizigo kwa bodaboda na bajaji. Mnaijua shida ya mji wetu: hata baada ya nyumba kubandikwa namba kwenye Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, mteja bado anakuelekeza ushuke kwenye mwembe, uulize kwa Mama Zai. Sisi tuliweza kufika. Wenzetu waliotuzidi fedha walishindwa, sisi tulifika, kwa sababu vichochoro tulikuwa navyo. Tulijua barabara ipi inajaa maji kwanza. Mwekezaji aliponiuliza siri ya programu yetu nilimweleza habari ndefu za hesabu za njia fupi, na hesabu hizo zipo kweli, timu yangu inazifanya vizuri. Lakini hesabu inahitaji ramani chini yake, na ramani ile haikuchorwa na sisi hata nukta moja.

Madereva wetu wakawa wanatuletea habari kila siku. Njia hii wamejenga ukuta. Soko limehamishwa. Hapa siku hizi bajaji haipiti. Tukawa tunasahihisha kwenye kanzidata yetu wenyewe, na masahihisho yanabaki humo. Niliyaona kuwa mali ya kampuni, kitu cha kumzidi mshindani. Leseni ya ramani ile inakutaka useme umeitoa wapi, na ukiiboresha kisha ukaitumia hadharani, uboreshaji uuachie wengine kwa masharti yaleyale. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa kisheria hapa. Nilijua ninafanya nini.

Masika moja, asubuhi, dereva wetu akapiga simu: Bosi, daraja limeondoka. Kilikuwa kivuko cha miti na mabati, kwenye mto mdogo unaokata mtaa anaoishi yeye mwenyewe. Ndani ya dakika kumi tukakifunga kwenye mfumo wetu, na hakuna bodaboda yetu hata moja iliyopelekwa kule. Nakumbuka niliwapongeza vijana wangu ofisini. Kwenye ramani ya wote, ile tuliyoichukua bure, kivuko kile kiliendelea kusimama kwa miezi minane.

Ikaja mvua ya vuli. Usiku wa saa nane mama mmoja wa ng'ambo ya mto ule alishikwa na uchungu. Gari lililoitwa kumchukua lilikuwa la mtu wa kujitolea, mgeni wa eneo lile, na simu yake ilikuwa inatumia ramani ya wote. Ikamwelekeza kwenye kivuko. Akafika ukingoni, taa zinamulika maji. Akarudi kinyumenyume kwenye njia isiyo na pa kugeuzia, akazunguka karibu saa nzima. Mama alijifungulia ndani ya gari, barabarani. Mtoto alizaliwa mzima, Mungu ni mwema, lakini mama alipoteza damu nyingi na alikaa hospitali wiki tatu.

Habari hizi hazikunifikia kwa barua. Alizileta dereva wetu, yuleyule. Alikuja ofisini asubuhi, hakukaa. Alisema: "Bosi, mimi si niliwaambia daraja limeondoka?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Wiki ile tulitoa masahihisho yetu yote, zaidi ya mia tatu, tukayapeleka yanakotakiwa. Kisha nikafanya kile ambacho watu wa biashara tunakifanya haraka tukishikwa na aibu: niliandika hundi. Niliwatafuta vijana wanaoratibu uchoraji nikawapa fedha za vifurushi vya intaneti. Walishukuru, wakapokea. Halafu binti mmoja, hajafika hata miaka ishirini na tano, akaniambia kwa upole: kaka, vifurushi tunavihitaji, lakini tunawahitaji zaidi madereva wako, kwa sababu wao ndio wanaoona. Nikamkumbuka mwenye duka na koti lake.

Siku hizi kila Ijumaa alasiri madereva wanakaa na kijana wetu mmoja, ambaye nusu ya mshahara wake ni kwa kazi hiyo tu, na kila walichokiona wiki nzima kinaingia kwenye ramani ya wote. Mshindani wangu anakipata saa ileile ninayokipata mimi. Ndiyo, inauma kidogo. Lakini naye ameanza kurudisha ya kwake, na upande wa Mbagala ramani yake ni nzuri kuliko yangu.

Ndugu wahitimu, nimekaa sana hapa kwa makusudi, kwa sababu hii ni kazi mtakayoifanya. Kila mtakachokijenga kitakaa juu ya vitu vilivyotengenezwa na watu wengine kwa kujitolea. Acha niwape mfano mmoja mnaoujua, au mnaopaswa kuujua kabla hamjakabidhiwa seva ya mtu.

Kuna programu ndogo inaitwa xz. Kazi yake ni kubana mafaili. Imo kwenye karibu kila mfumo wa Linux, ule mfumo endeshi huria unaoendesha kompyuta nyingi, maana yake imo kwenye seva za benki, za hospitali, za serikali, za kampuni za simu. Kwa miaka mingi ilikuwa inatunzwa na mtu mmoja, kwa muda wake wa ziada, bila malipo. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumsonga kwa maneno: unachelewa, huwezi, waachie wengine. Alijibu kwamba amechoka, afya ya akili yake si nzuri, na kwamba kazi hii haimlipi chochote. Wakati huohuo palikuwa na mtu mwingine, akitumia jina la Jia Tan, aliyekuwa anamsaidia kwa bidii na adabu. Polepole akakabidhiwa funguo, yaani ruhusa ya kuibadili programu yenyewe. Mwanzoni mwa 2024 msaidizi huyo akaweka ndani ya xz mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye mashine duniani kote.

Mnajua nani aligundua? Mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyekuwa anafanya majaribio ya kazi nyingine kabisa. Aliona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Wengi wetu tungesema ni mtandao, tukaenda kunywa chai. Yeye akafukua mpaka akafika kwenye shina, na Machi 2024 akautangazia ulimwengu kabla sumu haijasambaa.

Watu wanapenda kumsifu Freund, na anastahili. Mimi namfikiria zaidi yule aliyebaki peke yake. Makampuni makubwa kabisa ya dunia yalikuwa yanakunywa maji ya mfereji wake, na hakuna lililotuma hata mtu mmoja na jembe. Wezi walipokuja walimkuta amechoka, na mtu aliyechoka humpokea anayemletea msaada. Kwenye intaneti hakuna fito ya kupimia kipande cha kila nyumba, na anayekwepa haonekani, maana maji hayakatiki kwake. Yanaendelea kutiririka vilevile, mpaka siku ukingo unapobomoka kwa wote kwa pamoja. Kwa hiyo mkiajiriwa, katika wiki ya kwanza ulizeni: tunatumia programu huria zipi, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuziboresha, nani anazitunza, na sisi tumempelekea nini? Mkijibiwa kwamba hilo si kazi yako, ulizeni tena mwezi unaofuata.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni ya kweli na uongo.

Majirani zetu Wakenya walitufundisha jambo kubwa mwanzoni mwa 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na takriban 600,000 walikimbia makwao. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa anaandika habari hizo mtandaoni, alitoa wito kwa wataalamu wa kompyuta: tutengeneze ramani ambayo mwananchi anaweza kueleza anachokiona pale alipo. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaitengeneza kwa siku chache tu, wakaiita Ushahidi. Miaka miwili baadaye, tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, programu hiyohiyo ilitumika kupokea meseji za watu waliofukiwa na wenye kiu, na Wahaiti wanaoishi ughaibuni wakakesha wakizitafsiri kutoka Krioli ili waokoaji wazielewe.

Linganisheni na kilichokuwa kinapita kwenye simu zilezile za Wakenya, siku zilezile: meseji za chuki, za kuwataja watu wa kabila fulani na mahali pa kuwapata. Mitambo ni ileile, na vidole ni vya watu wa taifa moja. Walioendesha Ushahidi walijipa kazi ya kuchosha: kupiga simu, kuuliza mtu wa pili, kutenganisha kilichothibitishwa na kisichothibitishwa.

Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu, mwaka juzi, iliingia picha ya kijana. Chini yake: huyu ni mwizi wa watoto, sambazeni kabla hajafika kwenu. Ndani ya robo saa watu wameshaanza kuandika wako wapi na wameshika nini. Kijana yule ni fundi friji. Alikuwa ameingia uani kwa mtu kufanya kazi aliyoitiwa. Msimamizi wa kundi letu ni mwalimu mstaafu. Hakutoa hotuba. Alituma sauti ya sekunde chache: nani kati yenu amemwona kwa macho yake akifanya hivyo? Aandike jina lake kamili hapa, nami nitampigia mtendaji wa kata sasa hivi. Kimya. Hakuna aliyeandika jina. Fundi akarudi kwake salama, na mpaka leo hajui alikuwa karibu kiasi gani na mauti.

Kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya wote, kila badiliko lina jina la akaunti iliyolifanya, tarehe na saa, na historia yake haifutiki. Ukichora barabara ya uongo, tutaona ni wewe. Nawaombeni mkijenga mifumo ya watu kuzungumza au kupeana habari, wekeni hilo tangu siku ya kwanza: anayesema ajulikane kwa wanaomsikiliza, na kosa liweze kusahihishwa palepale lilipotokea.

Hapohapo niongeze kwamba si kila unachokijua ukichore. Huko Mara, ramani ya vijiji iliyochorwa na watu wa kujitolea imewasaidia wanaharakati kuwafikia wasichana wanaokimbia kukeketwa, usiku, kwenye vitongoji ambavyo havikuwa na jina kwenye karatasi yoyote. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini ramani inayomwonyesha mwokozi njia inamwonyesha na mwingine, kwa hiyo nani anaishi nyumba ipi hatuandiki kamwe. Mjumbe anajua. Inatosha ajue yeye.

Na lugha yetu nayo ni mfereji. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na walioibeba ni wachache mno ukilinganisha na mamilioni yetu. Leo mashine za akili mnemba zinajifunza Kiswahili kutoka kwenye kile zinachokikuta kimeandikwa. Zikikuta kidogo, na kidogo chenyewe kimejaa makosa, ndicho zitakachowafundisha watoto wenu. Nimeona majibu ya mashine hizo kuhusu kilimo cha Upareni, nikasikitika. Halafu nikajiuliza ni nani aliyepaswa kuandika habari za ndiva kama si mimi. Nimeanza. Makala ina aya sita, na picha ya ndiva ya kwetu niliyoipiga mwenyewe Krismasi iliyopita, ukingo wake wa kushoto ukiwa umetengenezwa upya.

Mkuu wa chuo, nimalizie na ombi, kwa idhini yako.

Masika yako karibu. Mitaro ya kata hii ilichorwa mara ya mwisho miaka kadhaa iliyopita, na tangu wakati huo watu wamejenga juu ya mingine, na mingine imejaa chupa za plastiki. Nimezungumza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wajumbe wa mashina wanane wamekubali kututembeza. Madereva wangu kumi na mbili watakuwepo, kwa sababu siku hiyo hatupokei mizigo mpaka saa saba mchana. Mimi nitakuwepo kuanzia mwanzo hadi mwisho, nimepewa kipande cha nyuma ya soko.

Ni Jumamosi, saa moja asubuhi, ofisi ya serikali ya mtaa. Njooni na mabuti, kuna tope. Simu iwe imejaa chaji, programu ya kuchorea muipakue nyumbani usiku, maana pale mtandao unasumbua. Koleo na mareki tutayakuta kwa mwenyekiti, kwa sababu mtaro tutakaoukuta umeziba hatutauandika umeziba tukaondoka.